Hiti pampu kwa baridi ya Mbeya: inaokoa hela ya LUKU au mbwembwe tu?

UyoleKwetu

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada wa wenye uelewa kabla sijatoa hela.

Nipo Uyole, nyumba ya vyumba vitatu na sebule, juu bati, ndani jipsamu ila jikoni na korido bado hazina dari. Mwezi wa sita na wa saba mnaujua wenyewe huku. Zamani tulikuwa tunavumilia tu, makoti ndani ya nyumba maisha yanaenda, ila sasa hivi kuna kichanga na mama mkwe yupo na sisi, na mama mkwe akikohoa mara mbili anayeulizwa ni mimi. Nikanunua hita ile ya mafuta ya wati 2000, inapasha sebule fresh kabisa sina ugomvi nayo, ugomvi ni LUKU. Sisi tuko tarifu ya kawaida, elfu kumi inakupa uniti 28 hivi, na hiyo hita tunawasha saa moja jioni mpaka saa nne, halafu tena alfajiri mpaka jua litoke vizuri. Maji ya kuoga bafu moja lina shawa ya umeme, la pili tunachemsha kwa koili kwenye ndoo.

Sasa kuna binamu yangu yuko Norwei, ananiambia kaka we bado unatumia hita? huku kwetu ni hiti pampu tu, unalipa umeme wa uniti moja unapata joto la uniti tatu mpaka nne, na kipindi cha joto unaigeuza inapoza. Mi hapo ndo napotea, uniti moja inazaaje tatu? Nikamtafuta jamaa mmoja Dar anauza hizo vitu akanipigia hesabu ya mfumo mzima, mashine ya nje, tanki, na mabomba ya kupita chini ya sakafu, milioni 19 na ushee, na hapo gharama ya kubomoa sakafu ni juu yangu. Nilimshukuru nikakata simu kwa heshima.

Naomba kujua hii kitu ni kweli au stori za majuu, na kwa baridi yetu ya miezi mitatu inalipa kweli? Kuna njia ya mtu wa kawaida?

mwana_wa_Mwanjelwa

Milioni 19 mkuu?? Hiyo hela mama mkwe nampangishia Kyela Juni mpaka Agosti kila mwaka mpaka achoke mwenyewe. Ngoja waje wataalamu, mi nimekaa pale.

FundiUbaridi

Mkuu mi kazi yangu ni friji na AC hapa hapa Mbeya, ngoja nikujibu taratibu maana kwenye hii kitu watu wanapigwa sana.

Uniti moja haizai tatu. Hita yako inageuza umeme kuwa joto, ikiingia moja inatoka moja, na hilo halibadiliki hata ununue ya bei gani, ya mafuta, ya feni, ya waya mwekundu, zote ngoma droo. Hiti pampu yenyewe haitengenezi joto, inalihamisha. Nenda kaweke mkono nyuma ya friji lako, lile joto unalolisikia sehemu kubwa limetolewa kwenye mboga zako. Sasa hapa kinachopozwa ni hewa ya nje. Gesi inapita kwenye koili ya nje ikiwa ya baridi kuliko hata hiyo hewa ya Uyole ya alfajiri, kwa hiyo inavuta joto toka kwenye hewa, kompresa inaigandamiza inakuwa ya moto, inaingia ndani inaachia joto, inarudi tena nje. We unalipia umeme wa kompresa na feni, lile joto lingine umelichukua bure.

Na Mbeya tuna bahati ambayo binamu yako hana. Ile namba inaitwa COP, yaani joto unalopata kwa kila uniti moja ya umeme, huwa inapimwa hewa ya nje ikiwa digrii 7. Na nje ikizidi kuwa baridi namba inashuka. Kule kwao inakaa chini ya sifuri wiki na wiki, sisi hapa mjini usiku wa Julai ni humo humo kwenye 6, 7, 8, asubuhi jua likitoka inapanda haraka. Maana yake ile 3.5 iliyoandikwa kwenye karatasi wewe unaweza kuipata kweli. Kasoro ni mwinuko, tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, feni inazunguka vilevile ila hewa inayopita ina uzito mdogo, kwa hiyo mashine inatoa pungufu kidogo ya kilichoandikwa. Usinunue inayotosha kwa kubana.

Mabomba ya sakafu achana nayo, hayo ni ya nyumba inayojengwa upya na ya nchi ambayo baridi ni nusu mwaka. Unachotaka wewe ni AC ya ukutani, inveta (yaani kompresa inapunguza na kuongeza kasi yenyewe), BTU elfu 12 kwa sebule (BTU ni kipimo cha nguvu ya mashine), ile inayopasha NA kupoza. Na hapa ndo watu wanapigwa. AC nyingi zinazouzwa Dar ni za kupoza tu, mtu wa Dar apashe nini? Muuzaji atakuonyesha rimoti ina kialama cha jua, usikubali, rimoti moja wanaigawa kwa mashine za kila aina, unabonyeza jua linatokea kwenye kioo na ukutani hakuna kitu. We soma kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje, lazima kuwe na namba za kupoza na namba za kupasha. Kama kupasha hakujaandikwa basi haina ile valvu ya njia nne ya kugeuza gesi, ondoka hapo.

Hesabu sasa. Hita ya wati 2000 ikiwaka saa sita kwa siku ingekula uniti 12, ila themostati inakata kata tufanye 9. Uniti ni kama 356 ukijumlisha kodi zote, hapo ni 3,200 kwa siku, mwezi elfu 96. AC yenye COP 3.5 kwa joto lile lile inakula uniti kama 2.6, siku 925, mwezi elfu 28. Unaokoa elfu 68 kwa mwezi, ukifanya mara miezi mitatu ni laki mbili na nne. AC tuseme milioni moja na nusu ikiwa imeshafungwa. Hela yako inarudi baada ya miaka saba na kitu. Sio mbaya ila usije ukasema fundi alikuambia utatajirika.

Mnyalukolo_wa_Gangilonga

Kamwene wakuu. Fundi kaongea vizuri lakini wote mmeng'ang'ania sebule, kwa hizi nyanda zetu pesa iko kwenye MAJI. Baridi ya sebule ni miezi mitatu, kuoga ni siku zote za mwaka, Januari mpaka Desemba hakuna Mhehe anayeoga maji ya bomba Iringa akacheka.

Sisi tuna lodji ndogo vyumba 12 hapa Iringa. Kila chumba kilikuwa na shawa ya umeme ya wati 5,500. Wageni wetu wengi ni wa kupita, wanawahi basi, saa kumi na moja alfajiri wanaamka wote kwa pamoja, nusu tu wakifungua shawa ni kilowati 33 kwa mpigo, breka inadondoka, mtu yuko na sabuni kichwani giza na maji baridi. Matusi niliyosikia kwenye ile korido siwezi kuyaandika hapa.

Mgeni mmoja akioga lita 50, maji yakitoka digrii 16 kwenda 41, ni uniti moja na nusu hivi, kama shilingi 520. Sio nyingi ila zidisha kwa vyumba 12 kwa mwezi mzima lodji ikiwa imejaa ni laki na themanini na kitu. Mwaka juzi tukafunga hiti pampu ya maji, mashine moja nyuma ya jengo, tanki la lita 500, inachemsha taratibu mchana wakati hewa ina joto, ambapo ndo inafanya kazi vizuri zaidi, usiku tanki limeshajaa linasubiri. Kwa maji ya digrii 55 COP haifiki ile ya fundi ya 3.5, tunaihesabu 2.5 mpaka 3, kwa hiyo bili ya maji ya moto imebaki kama theluthi na kidogo ya ile ya zamani. Na breka haidondoki tena, mashine yenyewe inavuta kilowati mbili tu. Mara moja kwa wiki tunapandisha mpaka 60 kuua vijidudu vya kwenye tanki, hilo msiliruke.

Kwa nyumba ya watu watano mnaooga ndoo moja moja ya lita 20 ni uniti kama 3 kwa siku, mwezi elfu 31. Hiti pampu ingekuokolea kama elfu 20 kila mwezi wa mwaka, ambayo kwa mwaka ni zaidi ya hiyo ya sebule. Fikiria hapo.

Mzee_wa_Uporoto

Vijana mnazungumza mashine wakati nyumba iko wazi. Huyu mwenzetu amesema mwenyewe jikoni na korido hakuna dari. Joto linapanda juu, likifika kwenye bati limekwenda, na bati usiku wenye nyota linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje, ndiyo maana asubuhi unalikuta na umande au barafu nyeupe. Unapasha sebule, mlango wa korido unafunguliwa kila dakika mbili, lote linatokea huko.

Mimi nilifundisha fizikia kabla ya kustaafu na nyumba yangu ilinisomesha upya. Nilifunga dari ya korido, nikaweka pamba ya kioo juu ya jipsamu nyumba nzima, chini ya milango nikapigilia vipande vya mpira, na zile tundu za hewa juu ya madirisha wanazojenga mafundi wetu kama vile tuko Pwani nikaziwekea vifuniko vya kufungua na kufunga. Usizibe moja kwa moja, hasa kama kuna jiko la gesi ndani, hewa inahitajika. Na usije ukadanganywa ujaze maranda ya mbao juu ya dari kwa sababu Mafinga yanapatikana kwa bei ya kutupa, waya za umeme zinapita humo, ni kuni unaziweka kichwani mwako, na panya watakushukuru. Baada ya hapo hita ile ile ya zamani ilianza kujizima yenyewe mapema.

Mashine inunuliwe baada ya hapo. Utakuta ya BTU 9,000 inakutosha mahali ambapo ungenunua ya 12,000.

UyoleKwetu

Shikamoo mzee. Hizo tundu za juu ya madirisha ninazo nane, na kila moja naisikia saa kumi usiku. Fundi aliniambia ni kwa ajili ya hewa safi nikaona sawa.

Dada wa Iringa hiyo ya maji imenigusa, sikuwa nimeifikiria kabisa. Ila si bora sola ya maji ya moto basi? Jirani anayo juu ya bati hapa.

Mnyalukolo_wa_Gangilonga

Sola ni nzuri tena sana kwa nyumba ya familia, sibishi. Watu wanadhani wakati wa baridi haifanyi kazi, wakati kwetu Juni na Julai ni kiangazi, usiku baridi mchana jua kali mbingu nyeupe, maji yanachemka. Inayosumbua ni masika, Januari mpaka Machi mawingu siku tatu mfululizo, na ukiwa Tukuyu ndo usiseme, kule mvua haina msimu. Lodji siwezi kumwambia mgeni leo kulikuwa na mawingu. We ukiwa na koili ya akiba kwenye tanki kwa siku mbili tatu za mawingu umemaliza. Ila kama uko sehemu ya barafu kama Makete uliza sola yenye kimiminika kisichoganda, maji ya kawaida kwenye zile bomba yakiganda usiku yanapasua.

Sanga_Junior

Jamani sisi wa Makete mnatuzungumzia kama vile tuko Ulaya 😂 ila ni kweli asubuhi nyasi nyeupe. Mi naomba kuuliza la kwangu, mama yangu hataki hita hataki nini, jioni anawasha jiko la mkaa wa miwati nje, likishika vizuri moshi ukaisha analiingiza chumbani anafunga mlango analala. Anasema moshi ukiisha halina shida, amefanya hivyo tangu ujana. Mkaa huku bei poa kuliko umeme hata huo wa hiti pampu. Je akiacha dirisha wazi kidogo?

NesiWaZamu

HAPANA. Sanga nakuomba usome hii halafu mpigie simu mama leo leo.

Moshi sio unaoua. Mkaa ukishika vizuri, mwekundu, bila moshi, ndo unatoa kaboni monoksidi kwa wingi, haina rangi haina harufu, inaingia kwenye damu inakaa kwenye nafasi ya oksijeni na haitoki haraka. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito, na kwa sababu ni usiku yeye anadhani ni usingizi wa kawaida. Hata ukifunika na majivu bado inatoa. Dirisha wazi kidogo sio kinga. Kila msimu wa baridi tunaletewa watu, mara nyingine familia nzima pamoja na watoto, na sio wote tunawapokea wakiwa hai. Kufanya hivyo tangu ujana maana yake ni kwamba nyumba ya zamani ya nyasi na udongo ilikuwa inapitisha hewa, leo mmemjengea ya tofali za kuchoma na madirisha ya aluminiamu.

Apate mpira wa maji ya moto auweke miguuni, blanketi mbili, soksi. Jiko libaki nje. Kama mna uwezo mjengeeni sehemu ya kuwashia moto yenye dohani ya kutoa moshi nje kabisa, mabanzi si yapo tele huko.

Sanga_Junior

Nimempigia. Ameguna. Nimemwambia nesi kasema, akauliza nesi wa wapi. Jumamosi naenda mwenyewe kulitoa.

Fundi na kwa huku kwetu AC hiyo itafanya kazi?

FundiUbaridi

Itafanya ila sio kama mjini. Nje ikiwa inagusa sifuri na kuna unyevu, koili ya nje inaota barafu, mashine inasimama kupasha dakika kadhaa inajigeuza ijiyeyushe yenyewe halafu inaendelea. Huo muda ndani unapuliziwa baridi kidogo au feni inanyamaza, ni kawaida. Kuna mteja wangu wa Njombe alinipigia usiku anahema, fundi mashine yako inaungua nje inatoa moshi mweupe! Nikamwambia nenda kaweke mkono. Akaenda, kimya, akarudi kwenye simu, "ni mvuke". Nikamwambia kalale.

Kwa Makete nunua ambayo kitabu chake kinataja kupasha mpaka chini ya sifuri, na COP ihesabu 2.5 sio 3.5. Na kama mama anapata kuni za bure kwenye shamba lake la miti, sikudanganyi, dohani ya nesi itakulipa kuliko AC yangu. Mnorwei anaokoa kwa sababu analinganisha na hita ya umeme inayowaka tangu Oktoba mpaka Aprili. Wewe unalinganisha na mabanzi.

MpungaNaKakao

Mimi niko Kyela na nimeumia kusoma watu wanatafuta joto kwa hela. Njooni mchukue bure huku ziwani. Huku nina AC ya kawaida ya chumbani, Novemba na Desemba LUKU inaisha kwa kasi ya ajabu, naweka 18 usiku kucha bado najigeuza. Ni mashine mbovu au?

FundiUbaridi

Kaka una dari?

MpungaNaKakao

Bati tupu. Na dirisha moja wavu.

FundiUbaridi

Basi unapoza Ziwa Nyasa. Mashine ni ile ile tu, inatoa joto ndani inatupa nje, ila bati limechomwa na jua siku nzima, kuta na sakafu zimeshiba joto zinakurudishia usiku. Funga dari, weka kioo juu ya huo wavu. Halafu kuweka 18 hakupozi haraka, inveta ikiwashwa inakwenda kasi ya juu yenyewe mpaka ifike ulipoitaka, tofauti ni kwamba ya 18 haifiki kamwe, kompresa haipumziki. Weka 25 na feni ya kawaida, utalala. Na safisha chujio la ndani, fungua kile kifuniko cha mbele uone mwenyewe.

Na mwingine yeyote anayesoma hapa, fundi akija kila mwaka anakuambia gesi imeisha anaongeza, muulize imeisha imekwenda wapi. Gesi ya AC haitumiki kama ya kupikia, inazunguka tu, ikipungua kuna sehemu inavuja, atafute pavujapo azibe kwanza.

MpungaNaKakao

Nimefungua hicho kifuniko. Sitasema nilichokikuta. Ndaga fijo fundi.

UyoleKwetu

Wakuu nimewaelewa. Mpango niliokaa na mke wangu ni huu, mwezi huu dari ya korido na jikoni na zile tundu za madirisha, hiyo hata mkopo haihitaji. Halafu sola ya maji ya moto na koili ya akiba. Sebule nitaangalia Juni ijayo kama hita imepungua kula nikishafunga dari, ikibidi ndo nachukua AC ya kupasha ya 9,000. Yule wa Dar nimemwambia asante.

Fundi swali la mwisho, umeme wetu huku jioni unashuka mpaka taa zinakuwa za njano, AC haitaungua?

FundiUbaridi

Inveta inavumilia kidogo kuliko zile za zamani ila usimwachie Mungu. Weka kilinzi cha AC, kile kinachokata umeme ukishuka sana au ukipanda na kinachosubiri dakika tatu nne kabla ya kurudisha, maana kinachoua kompresa ni umeme kukatika na kurudi papo hapo gesi ikiwa bado imegandamizwa. Stabilaiza kubwa ni hiari. Tena waya wa AC utoke moja kwa moja kwenye breka yake, usichomeke kwenye soketi moja na friji na tivi. Mashine ya nje usiiweke chini kwenye tope wala chini ya bati linapomwagia maji, inyanyue, na uache nafasi nyuma ipumue. Maji yatatiririka toka kwenye ile ya nje ukiwa unapasha, watu hushtuka, yaelekeze kwenye bustani.